Likizo ya kwanza ya baridi kwenye miji ya Himalaya: mwongozo kamili wa Shimla na Manali

Mji wa Shimla, kaskazini mwa India, uko kwenye kimo cha mita 2,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na Manali uko kama mita 2,050. Mkazi wa Limuru au Njombe akisikia takwimu hizo haoni cha kutisha, na hapo ndipo anapokosea hesabu. Miji hii iko nyuzi 31 hadi 32 kaskazini mwa ikweta. Januari jua linapita chini angani, mchana wa Shimla hufika nyuzijoto 9 au 10, na usiku hushuka hadi 2 au pungufu. Manali usiku huwa chini ya sifuri. Zaidi ya hayo, nyumba nyingi za huko, hoteli zikiwemo, hazina mfumo wa kupasha joto jengo zima. Nje, kwenye theluji, unatembea na jua linawaka, kwa hiyo baridi unaimudu. Inayomshinda mgeni ni ile ya chumbani saa kumi alfajiri.

Ndiyo maana mwongozo huu unashughulika zaidi na tarehe, nguo, chumba na siku za akiba. Vivutio utavipata tu, haviendi kokote.

Mji upi kwanza

Kwa safari ya kwanza, unganisha Shimla na Manali, yote miwili katika jimbo la Himachal Pradesh. Barabara na hospitali zipo, vyumba ni vingi, na mvua au theluji ikikuzuia upande mmoja, upande wa pili bado una la kufanya.

Gulmarg, huko Kashmir, una theluji ya uhakika zaidi na gari la waya linalopanda hadi karibu mita 3,980. Huo ni mji wa watu wa skii, yaani wa kuteleza kwenye theluji kwa mbao miguuni, na kuufikia katikati ya baridi kunategemea ndege za Srinagar ambazo huahirishwa mara kwa mara. Auli, katika Uttarakhand, ni mzuri ila barabara yake ni ndefu na ngumu. Darjeeling, upande wa mashariki, una anga safi ya kuutazama mlima Kangchenjunga wenye mita 8,586, lakini theluji mjini kwenyewe ni nadra. Hiyo mitatu iache kwa safari ya pili.

Tarehe: usiende kwa kufuata Krismasi

Theluji ya Himachal huletwa na mifumo ya hewa inayotoka pande za Bahari ya Mediterania, ikavuka Iran na Afghanistan na kugonga milima. Mifumo hiyo huja kwa vipindi: siku mbili za mawingu na theluji, kisha siku kadhaa za jua kali. Huwa na nguvu zaidi Januari na Februari. Desemba mjini Shimla mara nyingi ni baridi kavu bila theluji yoyote. Mtu anayelipa bei ya juu kuliko zote za mwaka ili aone Krismasi nyeupe Shimla anacheza bahati nasibu.

Kuanzia tarehe 23 Desemba hadi 2 Januari, hoteli hupandisha bei mara mbili na zaidi, na msongamano wa magari kati ya Manali na Solang, bonde la michezo ya theluji, unaweza kula nusu ya siku yako. Kipindi kizuri ni kati ya 5 Januari na 20 Februari. Ruka tu siku zinazozunguka tarehe 26 Januari, sikukuu ya Jamhuri ya India, kwa sababu wakazi wa Delhi na Chandigarh humiminika milimani.

Kama una watoto wa shule na likizo yao ni Desemba pekee, nenda kati ya tarehe 5 na 20. Bei ni nafuu, barabara ziko wazi na jua linawaka, na theluji utaifuata juu zaidi, ng'ambo ya handaki la Atal, la barabara inayopita chini ya milima kaskazini mwa Manali.

Nyaraka

Visa ya kielektroniki ya utalii huombwa kwenye tovuti ya serikali ya India, indianvisaonline.gov.in. Tovuti za kuiga ni nyingi na nyingine hutokea juu kabisa unapotafuta. Zinafanana na ile halisi, ila hutoza ada mara mbili au tatu. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 kuanzia siku ya kufika. Andaa picha ya mraba yenye mandhari nyeupe nyuma, na nakala ya ukurasa wa kwanza wa pasipoti katika faili la PDF. Kinachoangusha maombi mara nyingi ni picha ya pasipoti ya mstatili iliyokatwa hovyo, au majina matatu yaliyopangwa tofauti na yalivyo kwenye pasipoti. Visa ya siku 30 huombwa ndani ya siku 30 kabla ya kufika. Usiache chini ya siku 4.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa wanaotoka nchi zilizo kwenye orodha ya India, zikiwemo Kenya, Uganda na Kongo. Msafiri wa Tanzania naye aichukue, maana kupitia Nairobi, Entebbe au Addis Ababa kunaweza kumletea maswali. Cheti huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo chanjo ya wiki ya safari haikusaidii. Unaweza kuwekwa karantini hadi siku 6.

Kila hoteli inayompokea mgeni wa nje inatakiwa kuandikisha taarifa zake serikalini kupitia fomu maalumu, iliyozoeleka kwa jina la Fomu C. Hoteli ndogo zisizo na utaratibu huo hukataa wageni wa kigeni mlangoni, hata kama umeshalipa mtandaoni. Kabla ya kulipa, tuma ujumbe uulize swali moja tu: je, mnapokea wageni wenye pasipoti za nje? Wanafunzi wetu walioko Punjab na Chandigarh nao wanahusika. Wabebe kibali chao cha ukaazi pamoja na pasipoti.

Nguo: hesabu kamili

Kanuni ni tabaka tatu. La ndani linaondoa jasho, la kati linashika joto, la nje linazuia upepo na maji. Koti moja nene juu ya fulana ya pamba halifanyi kazi hiyo. Pamba ikilowa jasho ulipopanda ngazi, inakugandisha uliposimama.

Kwa siku 8 hadi 10, mtu mmoja anahitaji:

- Seti 2 za nguo za ndani za joto, fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana. Moja ni ya mchana, nyingine ya kulalia tu. Usizichanganye: ukilala na iliyobeba jasho la mchana utatetemeka hata chini ya blanketi tatu.
- Sweta 1 la sufu na jaketi 1 la flisi.
- Koti 1 zito lenye kofia, lililojazwa manyoya ya bata au nyuzi za sintetiki, refu kufunika nyonga.
- Koti 1 jepesi lisilopitisha maji, pana kiasi cha kuvaliwa juu ya sweta.
- Suruali 2 za kitambaa kizito kisicho jinzi. Jinzi ikilowa theluji haikauki hadi kesho yake.
- Soksi nyembamba jozi 4 na za sufu jozi 3.
- Glavu jozi 2: nyembamba za kushikia simu, nene zisizopitisha maji za kuchezea theluji.
- Kofia ya kufunika masikio, skafu, na miwani ya jua yenye kinga ya miale ya urujuanimno.
- Buti zenye soli ya mifereji mirefu, kubwa kwa nusu namba kuliko kawaida yako. Kiatu kinachobana na soksi mbili kinazuia damu, na mguu usiofikiwa na damu hupata baridi upesi kuliko mguu wenye soksi moja.

Sasa habari njema. Makoti ya baridi kali ya Ulaya na Marekani yamejaa kwenye mitumba yetu na wanunuzi wake ni wachache, ndiyo maana bei yake ni ya kuokota. Karume Dar es Salaam, Memorial mjini Moshi, Gikomba Nairobi na Owino Kampala utapata koti la maana kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani. Moshi una faida ya pili, kwani wapo wanaokodisha vifaa vya wapanda Kilimanjaro. Unapochagua, funga na kufungua zipu mara tano, kisha bonyeza ujazo wa koti kwa kiganja uachie. Ukiinuka polepole, koti ni zima. Ukibaki na mabonde au ukihisi madonge, ujazo umeshakufa.

Buti za mitumba ni suala jingine. Soli za aina ya povu huoza kwa ndani zikikaa miaka mingi ghalani, hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa. Kinaonekana kipya, ukitembea nacho siku moja kwenye unyevu soli inabanduka nzima. Kikunje kwa nguvu mara kadhaa, bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha; ukiona nyufa au unga, kiache. Kwa buti ni afadhali kununua mpya.

Kisichopatikana nyumbani kitafute Delhi. Nguo za ndani za joto zinauzwa kila soko wakati wa baridi. Soko la Sarojini Nagar, na lile la Monastery Market lililo karibu na kituo cha mabasi cha Kashmere Gate, yana bei za kuelewana. Usinunue ovaroli ya theluji. Hiyo utaikodi Manali.

Vidogo vya kutosahau: adapta ya plagi, maana plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii kwenye soketi za India zenye matundu ya duara, pawabenki, mafuta ya mgando kopo kubwa, mafuta ya midomo, krimu ya kukinga jua, chupa ya mpira ya maji ya moto, na chupa ya chai inayohifadhi joto. Shuka la Kimaasai nalo lina kazi, hasa kwenye basi la usiku ambalo dereva ameamua kuwa abiria wanahitaji kiyoyozi.

Kutoka Delhi kwenda Shimla

Mwishoni mwa Desemba na Januari nzima, Delhi hufunikwa na ukungu mzito kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Ndege huchelewa na treni huchelewa zaidi, wakati mwingine saa nyingi. Kwa hiyo usipange kushuka kwenye ndege alfajiri na kupanda treni asubuhi ileile. Lala Delhi usiku mmoja, nunua laini ya simu kwa pasipoti yako, toa fedha taslimu, pumzika. Noti kubwa ni ya rupia 500. Wauzaji wadogo wengi hulipwa kwa simu kupitia mfumo wa UPI, ambao hauna uhusiano na M-Pesa yako, basi beba noti ndogondogo za kutosha.

Njia ya kukumbukwa ni treni. Ya kwanza ni Shatabdi, inayoondoka New Delhi saa moja na nusu hivi asubuhi na kufika Kalka, chini ya milima, karibu na saa sita mchana. Hapo unahamia treni ndogo ya reli nyembamba ya Kalka hadi Shimla. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1903, ina urefu wa kilomita 96, inapita mahandaki 102, na mwaka 2008 iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwendo ni saa tano na zaidi. Handaki refu kuliko yote, la Barog, lina mita 1,143, na kwenye kituo chake treni husimama abiria wapate chai na vitafunwa.

Hatua za tiketi ni hizi:

1. Fungua akaunti ya IRCTC, wakala wa tiketi za reli ya India, mapema ukiwa bado nyumbani. Uhakiki wa namba ya simu ya nje una mlolongo wake, usiuache hadi siku ya mwisho.
2. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari. Za treni ndogo kwa wiki za sikukuu huisha upesi.
3. Soma hali ya tiketi. CNF maana yake una kiti. RAC maana yake unaruhusiwa kupanda lakini nafasi huenda mkagawana. WL ni orodha ya kusubiri. Ikibaki WL hadi orodha ya abiria itolewe, tiketi ya mtandaoni hujifuta na fedha hurudi.
4. Acha nafasi kati ya treni mbili. Kama utabiri wa Delhi ni ukungu, fika Kalka au Chandigarh jana yake ukalale huko.

Mabehewa ya treni ndogo ni madogo kweli. Sanduku gumu la kilo 30 halina pa kukaa. Begi laini la mgongoni linasukumika chini ya kiti.

Ukikosa tiketi, mabasi ya Volvo ya shirika la jimbo, HRTC, huondoka Kashmere Gate na kufika Shimla kwa saa 9 au 10. Hushusha kwenye kituo cha Tutikandi, nje kidogo ya katikati ya mji. Barabara ina kona nyingi. Mwenye kutapika safarini ameze kidonge saa moja kabla, si baada ya kona ya kwanza.

Chumba: maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Shimla umejengwa ubavuni mwa mlima, na barabara ya Mall pamoja na uwanja wa Ridge haviingii magari ya kawaida. Teksi itakuacha barabara ya chini, Cart Road, nawe upande. Ipo lifti ya kulipia kutoka Cart Road hadi karibu na Mall, na wapo wapagazi. Hata hivyo hoteli inayojitangaza kuwa «dakika mbili kutoka Mall» inaweza kuwa dakika mbili za ngazi 150 zenye barafu. Basi uliza hivi:

Kuna ngazi ngapi kutoka gari linaposimama? Chumba kinatazama kusini? Chumba cha kusini hupata jua siku nzima. Cha kaskazini hakikauki hata taulo. Hita ya umeme imo kwenye bei, au inalipiwa kila usiku? Kwingi hulipiwa, mara nyingi rupia mia kadhaa. Kuna blanketi la umeme kitandani? Hilo lina faida kuliko hita, kwa kuwa linapasha pale ulipo na halikaushi koo. Maji ya moto yanapatikana saa zote au saa maalumu? Na theluji ikikata umeme, kuna jenereta?

Usiku wenye baridi kali, hasa Manali, mabomba huganda. Ukiona anga safi isiyo na wingu hata moja jioni, jua usiku utakuwa mkali. Jaza ndoo moja ya maji kabla ya kulala. Washa blanketi la umeme nusu saa kabla, lizime unapoingia kitandani. Weka chupa ya maji ya moto miguuni. Nguo za kesho ziweke chini ya blanketi, na simu pia, kwani betri ya lithiamu hupoteza nguvu kwenye baridi na inaweza kuzima ikiwa bado inaonyesha asilimia 30.

Sasa jambo la kuua. Watu wa milimani hutumia majiko ya makaa na ya kuni kuotea moto. Jiko la kuni lenye bomba la kutolea moshi nje ni salama likitunzwa. Jiko la makaa lililo wazi ndani ya chumba kilichofungwa linaua kwa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu, kama linavyoua kwetu kila msimu wa baridi. Hoteli ikikuletea makaa chumbani, yakatae. Ukipewa hita ya gesi, acha dirisha wazi upana wa vidole viwili na uizime kabla ya kulala.

Siku za Shimla

Siku mbili zinatosha. Ya kwanza tembea Ridge na Mall taratibu, uone kanisa la Christ Church, kisha nenda kwenye jumba la zamani la makamu wa mfalme wa Uingereza, lililokamilika mwaka 1888, ambalo leo ni taasisi ya utafiti. Shimla ulifanywa makao makuu ya kiangazi ya serikali ya kikoloni mwaka 1864, na mwaka 1972 India na Pakistan zilitia saini mkataba wao hapa.

Hekalu la Jakhu, juu ya kilima cha mita 2,455, lina sanamu ya futi 108 ya Hanuman, mungu wa Kihindu mwenye sura ya nyani, na nyani wezi. Hao wanapenda miwani kuliko chakula, kwa sababu wanajua mwenyewe atainunua tena kwa biskuti. Vua miwani, ficha simu, usifungue mfuko.

Shimla pia una uwanja wa wazi wa kuteleza kwa viatu vyenye ubapa wa chuma juu ya barafu ya asili, tangu mwaka 1920. Maji humwagwa jioni yakaganda usiku, kwa hiyo uwanja unahitaji anga safi. Siku za mawingu na theluji hufungwa. Ukikosa theluji, basi una sababu nzuri ya kuuliza kama uwanja uko wazi.

Kwa theluji iliyo karibu, wengi hupelekwa Kufri, kama kilomita 15 kutoka mjini. Ukweli ni kwamba Kufri ni farasi, tope na mabishano ya bei. Narkanda, kilomita 60 na zaidi kwenye barabara hiyohiyo, kimo cha mita 2,700 hivi, una misitu tulivu na theluji safi zaidi. Ondoka saa mbili asubuhi, rudi kabla ya jua kuzama.

Manali na theluji yenyewe

Kutoka Shimla hadi Manali ni kilomita 250 hivi kupitia Bilaspur na Mandi, saa 8 hivi. Safiri mchana. Usiku maji yaliyoyeyuka yanaganda tena na kuwa barafu nyembamba isiyoonekana, hasa kwenye kona zenye kivuli na juu ya madaraja.

Siku ya kwanza Manali ni ya miguu: hekalu la mbao la Hadimba, lililojengwa mwaka 1553 katikati ya miti ya mierezi, Manali ya Zamani, na chemchemi za maji moto za Vashisht. Maji yake ni ya moto kweli, na shida inakuja unapotoka. Panga taulo na nguo kavu kabla ya kuingia.

Siku ya theluji, njia ni kwenda Solang, kilomita 13, au kupita handaki la Atal hadi Sissu. Handaki hilo, lenye kilomita 9.02, lilifunguliwa tarehe 3 Oktoba 2020 na limelifungua bonde la Lahaul wakati wa baridi, mahali ambapo zamani palitengwa kwa miezi. Sissu uko karibu mita 3,100. Tembea polepole, kunywa maji, na kichwa kikiuma sana shuka. Vijiji vya Lahaul wakati mwingine husimamisha utalii kwa wiki kadhaa mwishoni mwa Januari na Februari kwa ajili ya sherehe zao za kimila, hivyo uliza Manali kabla ya kukodi gari. Njia ya mlimani ya Rohtang, mita 3,978, kwa kawaida hufungwa majira ya baridi. Anayekuahidi kwa uhakika kukufikisha huko Januari, usimwamini.

Theluji ikishaanguka, polisi huruhusu magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne (4x4) tu kupita Nehru Kund, mahali palipo njiani kwenda Solang. Kodi gari la namna hiyo lenye dereva wa Manali, si lile lililokuleta kutoka Delhi. Ondoka kabla ya saa mbili asubuhi. Kuanzia saa nne foleni huanza.

Njiani dereva atasimama kwenye kibanda kimojawapo cha kukodisha ovaroli na buti, kwa kawaida pale anapopata kamisheni. Bei ni rupia mia chache kwa siku na hupunguzwa. Kabla ya kuvaa, ingiza mkono ndani ya buti. Zikiwa na unyevu wa mteja wa jana, kataa. Jaribu zipu. Piga picha ya ovaroli mbele na nyuma usije ukadaiwa mchaniko wa mwaka jana.

Kwenye theluji ya kukanyagwa, tembea kwa hatua fupi, ukikanyaga kwa wayo mzima, magoti yamelegea kidogo, mikono nje ya mifuko. Minyororo ya mpira ya kuvalisha viatu inauzwa mjini na inafaa kila senti kwa wazee. Watoto wabadilishe glavu zikilowa, wasisubiri kulalamika.

Kuteleza juu ya mpira wa hewa ni rahisi na kunafurahisha. Pikipiki ya theluji ni bei kubwa kwa mzunguko mfupi. Afikianeni umbali kabla ya kupanda. Skii ya dakika 20 na kijana aliyekuvuta barabarani haifundishi kitu. Mwenye nia ya kujifunza aangalie kozi za ABVIMAS, chuo cha serikali cha upandaji milima kilichopo Manali.

Fuata tahadhari za idara ya hali ya hewa ya India: njano ni kuwa macho, chungwa ni kujiandaa, nyekundu ni kuchukua hatua. Ikitoka ya chungwa, usipande juu ya Manali. Kaa mjini na ununue mahitaji ya siku mbili.

Chakula

Himachal hakuna nyama ya ng'ombe. Maharage ya rajma na wali, chapati, supu ya tambi ya thukpa na mikate ya kuanika ya siddu iliyomwagiwa samli hukupa joto la maana. Mwislamu anayetafuta nyama halali aulize waziwazi, kwani migahawa yake ni michache kuliko Delhi. Samaki wa trauti wa bonde la Kullu ni jibu zuri, na migahawa isiyopika nyama kabisa ipo kila kona.

Afya, na homa isiyo mafua

Mwenye selimundu asiende bila kuonana na daktari wake. Baridi ni kichocheo kinachojulikana cha maumivu makali. Mwenye pumu abebe dawa ya kuvuta mkononi, kwani moshi wa Delhi na hewa kavu ya milimani vyote vinabana kifua. Ngozi ipake mafuta ya mgando asubuhi na usiku. Ngozi nyeusi nayo huungua kwa jua linaloakisiwa na theluji, na macho zaidi.

Vidole vikifa ganzi, vipashe kwapani au kwenye maji ya uvuguvugu. Usiviweke kwenye hita, kwa kuwa havihisi vinapoungua.

Ukipata homa ndani ya wiki za mwanzo tangu uondoke Afrika Mashariki, mwambie daktari kwa sentensi ya kwanza kwamba umetoka nchi yenye malaria na udai kipimo. Milimani wakati wa baridi, daktari akiona homa na kutetemeka atawaza mafua. Malaria uliyoibeba kutoka Tanga au Kisumu huweza kujitokeza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, ukiwa katikati ya theluji. Shimla una hospitali kubwa ya serikali ya IGMC, Manali una Lady Willingdon. Namba ya dharura ni 112, na ya gari la wagonjwa 108.

Kurudi

Acha siku 2 za akiba: moja Manali kwa ajili ya theluji, moja Delhi kwa ajili ya ukungu. Basi la usiku kutoka Manali huchukua saa 12 hadi 14, na baada ya theluji nzito huenda lisiondoke kabisa. Ndege za uwanja wa Bhuntar, kilomita 50 kutoka Manali, hufutwa mara kwa mara hali ya hewa ikichafuka, hivyo usiziunganishe na ndege ya kimataifa. Ukiunganisha kupitia Mumbai, chagua ndege ya kuondoka Delhi alasiri, ukungu ukiwa umeshainuka, na ulale Mumbai kuliko kukimbizana na muda. Bima iwe imenunuliwa kabla ya kuondoka nyumbani, na usome kama inagharamia michezo ya theluji. Nyingi huiacha nje mpaka uongeze malipo.